Mambo ya mashine ya figo ambayo hayaandikwi kwenye faili

Ukianza kusafishwa damu unaambiwa mambo mengi kwa siku moja, unaambiwa chumvi basi, maji nusu lita kwa siku, ndizi usiguse, parachichi usiguse, madafu ndo usiyatazame kabisa, unapewa karatasi ya ratiba unaonyeshwa kiti chako. Yote hayo yana maana kubwa, sibishi. Ila kuna upande wa moyo, huo hakuna anayekukalisha chini akakwambia, na kiukweli kwangu mimi huo ndo ulinitesa kuliko sindano. Nimeona niuandike maana najua kuna mtu sa hivi yuko wodini, kaambiwa figo zimefeli, na anadhani yanayompita kichwani ni ya kwake peke yake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Mbagala, kwetu Muheza. Presha ilinianza na mimba ya mtoto wa pili, nikajifungua salama, wakasema itashuka yenyewe, na kweli miaka ikapita sijisikii chochote. Ndo tabia ya figo, zinaharibika kimya kimya, mpaka uone miguu imevimba na uso umejaa asubuhi ujue huko ndani imebaki kazi ndogo sana. Nikatibiwa taifodi, nikatibiwa yutiai, nikatibiwa vidonda vya tumbo kwa sababu ya kutapika, mpaka dokta mmoja kijana akasema hebu tupime kreatinini, yani ule uchafu wa kwenye damu ambao figo ndo zinautoa. Ya mtu mzima mwenye afya kwa kawaida haivuki 110, yangu ilikuwa imepita elfu moja. Yule kijana aliangalia karatasi, akaniangalia mimi, akatoka kwenda kumuita mkubwa wake, na kabla sijaambiwa neno nilishajua.

Nilivyoambiwa mashine nikakataa. Mtu wa pembeni anashangaa, unakataaje kitu cha kukuokoa, ila huku mtaani kuna imani imeota mizizi kwamba ukianza mashine ndo umekwisha, kila mtu ana jirani yake aliyepelekwa kusafishwa na baada ya wiki mbili akazikwa. Sikujua kwamba wengi wa hao wanafika wamechelewa mno, mapafu yamejaa maji, potasiamu, yale madini ya kwenye chakula ambayo figo zinatakiwa kuyatoa, iko juu, wengine wametoka kuzunguka kwa waganga miezi mizima, alafu mashine ndo inabeba lawama. Nikakaa pale kitandani namwambia mume wangu anirudishe Muheza nikafie kwa mama. Manesi na madokta mnaosoma hapa naomba mnielewe, mgonjwa anayekataa mashine mara nyingi sio mkaidi, anawahesabu wafu anaowajua. Waliongea na mimi wengi, wakachora mpaka michoro ya figo, sikusogea. Alafu nesi mmoja mama wa makamo akaniletea mwanamke mwenzangu pembeni ya kitanda, amevaa baibui lake safi, ana mkoba wa ununuzi, akanisalimia akaniambia mdogo wangu mimi niko kwenye mashine mwaka wa saba huu na hapa natoka Kariakoo. Akanionyesha mkono wake unaochomwa sindano za mashine. Nikasaini siku hiyo hiyo. Yule nesi sitamsahau, maana alijua nilikuwa namhitaji mtu hai kuliko maelezo.

Sasa nikaingia kwenye kosa la pili ambalo karibu wote tunaoanza tunalo, nikadhani nitasafishwa mara chache figo ziamke nirudi zangu kazini. Wako wanaoamka kweli, wale ambao figo zilisimama ghafla kwa sababu ya malaria kali au kuharisha sana au kupoteza damu nyingi wakati wa kujifungua. Sisi ambao zimesinyaa kwa presha au sukari ya miaka, hapana. Hakuna aliyenitamkia hilo wazi, nililisikia kwa mgonjwa mwenzangu tukiwa tunasubiri kupimwa uzito, kanitajia tu kwamba hii ni ya maisha mama, labda upate wa kukupa figo. Nililia pale kwenye benchi mbele za watu. Na kwa muda mrefu nilikuwa na hasira na waliolijua hilo wakanificha, wanasema hatukutaka kukuvunja moyo, lakini moyo ulivunjika vilevile, tena nikiwa sina mtu wa kunishika. Bora mtu aambiwe, aambiwe na ndugu yake akiwa pembeni, apewe muda wa kulia.

Kuna hesabu ilinisaidia kujihurumia. Figo za mtu zinafanya kazi usiku na mchana, wiki nzima ni masaa 168. Mashine inapewa masaa manne mara tatu kwa wiki, yani 12. Kwa hiyo ukitoka pale umechoka mpaka sauti imekata, kesho yake unajikongoja, keshokutwa unarudi, sio kwamba umekuwa mvivu wala hujiombei vya kutosha. Mwili unajaribu kuishi kwa masaa 12 kwa kazi ya 168. Nilimuandikia mwalimu mkuu wangu hesabu hiyo kwenye karatasi, ndo akanielewa kwa nini nilikuwa naomba vipindi vya Jumanne na Alhamisi tu.

Sasa kiu. Jamani kiu. Mtu asiyewahi kuwekewa kipimo cha maji hajui ni nini naongea. Nusu lita kwa siku, na humo humo imo chai, umo uji, umo mchuzi, yamo maji ya kumezea vidonge ambavyo ni vingi. Na hii ni Dar es Salaam, mwezi wa pili, joto linakufuata mpaka ndani ya neti. Nimejifunza kunyonya kipande cha barafu, kusukutua alafu kutema, kulamba limau, kutumia kikombe kidogo cha kahawa ili nikimaliza nione nimekunywa kikombe kizima. Fundi wa mashine aliwahi kutueleza kwamba kila mgonjwa mmoja kwa masaa manne yanapita maji yaliyochujwa kama lita 120, yanapita upande wa pili wa utando wa kichujio, damu huku maji kule, uchafu unahama. Nilikaa nikiutazama ule mpira unaopitisha maji nikahisi wivu. Wivu na maji. Sikuwahi kumwambia mtu siku hiyo kwa sababu nilidhani akili inaanza kuniruka.

Na kinachouma zaidi ya kukauka koo ni kukataa. Sisi kwetu mgeni anaingia kitu cha kwanza ni maji, msibani unaletewa maji, harusini soda imeshafunguliwa iko mbele yako, unakataa mara ya kwanza wanasema anaona aibu, unakataa mara ya pili wanasema anaringa, mara ya tatu inabidi utoe historia yako yote ya ugonjwa mbele ya watu usiowajua. Nikaanza kutokwenda. Nikakosa shughuli za ndugu, watu wakaacha kuniita, nikabaki ndani naona ugonjwa umenitoa kwenye jamii wakati ukweli mi mwenyewe nilikuwa nakwepa glasi ya maji. Sa hivi nakwenda, napokea glasi, naishika mkononi mpaka shughuli inaisha. Hakuna anayechunguza umekunywa kiasi gani, wanachotaka ni kuona umepokea.

Ramadhani ndo ina lake. Kufunga siwezi, shehe wa msikiti wetu alinielekeza vizuri nitoe fidya, kumlisha maskini kwa kila siku, na dini haina shida na mimi hapo. Shida ni mimi na nafsi yangu, kula mchana nyumba nzima imefunga, hata mwanangu mdogo anajaribu nusu siku, mi najifungia chumbani na kipande cha mkate nameza vidonge najisikia mwizi. Alafu magharibi inaingia, meza inapangwa, na ukiitazama futari yote ni potasiamu tupu, mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi, maharage, tende. Chakula chote cha utoto wangu kiko pale. Na potasiamu kwetu sio mzaha, ikipanda moyo unaweza kusimama bila kukupa taarifa. Mwaka wa kwanza nilikula chumbani nisione. Mwaka uliofuata mama mkwe, bila kuniuliza, akamenya viazi akavikata vipande vidogo akaviloweka, akachemsha akamwaga yale maji akachemsha tena kwa maji mengine, maana nesi alishamfundisha kwamba potasiamu inatoka na maji, akanipa vipande vichache kwenye sahani yangu akaniita mezani. Havina ladha vile viazi. Nilivila nikiwa nalia na yeye akanyamaza tu akaendelea kumimina uji wa wengine.

Kuna jambo lingine la aibu kidogo ila nalisema. Mkojo unakata. Mwanzoni nilikuwa napata, miezi ikaenda ukapungua, ukawa vijiko, alafu siku ikafika sijaenda msalani kwa haja ndogo mchana kutwa na usiku kucha, na siku ya pili hivyo hivyo. Hakuna aliyenitayarisha. Nilikuwa naingia chooni nakaa, nasubiri, watoto wanagonga mlango. Mtu anaweza kusema si afadhali, safari ndefu hutaabiki, lakini mimi niliomboleza kabisa, nilihisi sehemu ya mwili wangu imezikwa mimi nikiwa bado natembea. Niliposema hili kwenye shifti yetu, yani sisi tunaosafishwa muda mmoja, wanaume wawili wazima wakainamisha vichwa, mmoja akasema hata mimi mwalimu, sijawahi kumwambia mke wangu.

Nikirudi kwenye mashine yenyewe. Unafika, unapimwa uzito, wanalinganisha na uzito wako mkavu, yani ule unaotakiwa kuwa nao bila maji ya ziada, tofauti ndo maji ya kutolewa. Hapo kwenye mzani ndo penye aibu kubwa. Kuna kipindi tulikuwa na nesi ambaye ukiwa umeongeza kilo tatu au nne anatangaza ukumbi mzima unasikia, wewe mama umekunywa Bahari ya Hindi yote, unataka kufa wewe. Sisemi alikuwa na roho mbaya, wagonjwa wengi, manesi wachache, naye anaogopa kweli maana kutoa maji mengi kwa mkupuo presha inaanguka na misuli inakaza mpaka unapiga kelele, na yeye ndo wa kukimbia. Lakini ile sauti ilitufanyia nini? Kuna mwenzetu alikuwa akijua ameongeza anavua viatu, anavua mkufu, anavua mpaka saa. Na kuna ambao walikuwa wanaacha kuja kabisa siku hiyo kwa kuogopa mzani, na kukosa mashine siku moja kunaweza kukuondoa. Kelele hazikupunguza maji hata kidogo. Baadaye akaja mwingine, kijana wa kiume, yeye anakusogelea anauliza pole pole, mwalimu leo umelala vipi, wikiendi ilikuwaje? Unajikuta unamwambia mwenyewe, mwanangu nilikula pilau kwa jirani nikazidiwa na kiu. Anasema haya, tutatoa kidogo leo, Jumatano tumalizie. Basi. Kilo zangu zilishuka nikiwa na huyo.

Ratiba yangu ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa hiyo Ijumaa mpaka Jumatatu kuna pengo la siku mbili, na madokta wanajua pengo hilo ndo hatari zaidi kwenye wiki nzima. Mi nalijua kwa mwili. Jumapili usiku silali chali, naweka mito mitatu, nasikia pumzi inakuwa fupi, na hapo ndo mawazo yote mabaya yanakuja kwa mpigo. Nikaambiwa na mwenzangu mmoja kwamba naye Jumapili ni hivyo hivyo, tukaanza kupigiana simu saa nne usiku, hatuongei chochote cha maana, anaangalia tamthilia nami naangalia hiyo hiyo, mara anacheka mara ananiuliza umeelewa hapo.

Hao wa shifti ndo wamekuwa ndugu zangu kwa kweli. Mnakaa pamoja masaa manne, kila mtu na shuka lake au blanketi maana damu ikiwa nje baridi inaingia mpaka mifupani, mnajuana presha za kila mmoja, mnajua nani mtoto wake kafeli na nani kapata mjukuu. Kiti cha jirani yangu kilikuwa cha mzee mmoja fundi cherehani. Huyu mzee alinishonea sare za wanangu bila kupima, kwa kuangalia tu picha kwenye simu. Mi nina bima kwa sababu ni mtumishi, inakatwa kwenye mshahara, nafika natoa kadi nakaa. Yeye alikuwa analipa taslimu, na session moja bila bima ni laki mbili na kuendelea kwa huko tulikokuwa, zidisha kwa tatu kwa wiki alafu zidisha kwa mwezi. Akauza kiwanja. Wanawe wakachanga, wakachoka, sio kwamba hawampendi, walikuwa na watoto wa kusomesha. Akaanza kuja mara mbili, akaja mara moja, anafika amevimba mpaka macho hayafunguki vizuri, anakaa kwenye kiti anasema leo nimepata, nimshukuru Mungu. Na mimi nimekaa hapo sentimita chache tu pembeni yake, tuna ugonjwa mmoja, tumetofautiana kadi.

Ile hatia sijui niielezeje. Nilikuwa naona aibu kutoa kadi mbele yake. Kuna siku nilijaribu kumpa pesa akakataa, akaniambia mwalimu usinifanye nikuogope kukaa na wewe. Alafu wiki moja hakuja, iliyofuata hakuja, kiti akakaa mtu mwingine. Hakuna tangazo, hakuna mtu anasema kitu, manesi wanapita wanarekebisha mashine, na sisi wote tumejua na kila mmoja ameangalia simu yake. Nilimuuliza nesi kwa macho akatingisha kichwa. Hapo nilikasirika kuliko siku niliyoambiwa nina ugonjwa. Mtu amekaa na sisi miaka, hata dua hatujamsomea? Nikasimamia, mimi na yule dada wa simu za Jumapili, tukachangishana tukaenda msibani Yombo, wengine wakiwa bado na bandeji mkononi. Tangu hapo kila anayeondoka tunamtaja kwa jina kabla mashine hazijaanza, na wauguzi wamelizoea, wanasimama na sisi. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa 2023, naiombea itekelezwe mpaka imfikie fundi cherehani, kwa sababu nimeona kwa macho yangu mtu anakufa kwa kukosa nauli ya kuingia kwenye kiti ambacho kilikuwepo.

Mwili nao unabadilika na hapa nazungumza na wanawake zaidi. Mwanzo unawekewa mpira wa kupitishia damu shingoni, hujifungi mtandio vizuri, hujui ulaleje, unaogopa usilowe. Baadaye unafanyiwa upasuaji mdogo mkononi, wanaunga mshipa wa ateri na wa vena, unasubiri wiki kadhaa ukomae, alafu unavimba unakuwa mnene, na ukiweka sikio unasikia unanguruma kama friji. Mkono huo hupimwi presha, hubebi ndoo, huulalii. Ngozi yangu iliingia weusi na muwasho usioisha, siku zangu zikakatika, hamu ya mume ikaisha kabisa. Nikaanza kulala na watoto. Yeye hakusema, na mimi sikusema, kila mmoja akamtafsiri mwenzake vibaya, mi najua ananiona mzoga, kumbe yeye anaogopa kunigusa ataukata ule mkono. Tulikaa hivyo muda mrefu sana. Ni dokta mmoja wa kike alituuliza wote wawili kwenye kiti kimoja, mnalala pamoja? Mume wangu akaangua kilio pale ofisini, mtu ambaye hata mamake alipofariki alijikaza. Tukaelezwa kwamba ni homoni, ni upungufu wa damu, ni uchovu, na mengine yanatibika, sindano za kuongeza damu nilizokuwa naziruka kwa kuwa zinauma nikazifuata vizuri na nguvu zikarudi kiasi. Hayajarudi yote. Ila analala upande wa mkono wangu mzima sa hivi, na mwanangu mdogo kila asubuhi anakuja kuusikiliza ule mwingine kabla ya kwenda shule, akisikia unanguruma anasema mama uko sawa, anaondoka.

Ndugu na dawa zao sasa. Nilipougua kila mtu akawa tabibu, huyu kaleta majani ya mstafeli, huyu unga mweusi wa kutoka Kigoma, shangazi kaja na juisi ya mbirimbi kwenye chupa ya maji, na mbirimbi yenyewe ina asidi inayoumiza figo vibaya. Nilikuwa nagombana nao. Nikaja kuona wale watu wanaogopa, na hofu yao haina pa kwenda ndo inageuka chupa. Siku hizi napokea, nashukuru, namkalisha shangazi namwambia shangazi yangu, ukitaka kunisaidia njoo Jumatano unisindikize. Alikuja mara moja, akakaa masaa yote manne, akaona damu inavyotoka na kurudi, tangu hapo hajaleta chupa tena, analeta maandazi kwa manesi. Lakini kijana mmoja wa shifti yetu aliambiwa na watu aliowaamini kwamba ameshapona asirudi kwenye mashine. Hakurudi. Alikuwa na miaka ya chini ya thelathini. Anayemwambia mgonjwa wa figo aache mashine ajue anasema nini.

Mimi mwenyewe nilifika mahali nikataka kuacha, bila kuambiwa na mtu. Sikuwa nalia tena, hiyo ndo ilikuwa dalili mbaya, nilikuwa sisikii chochote, wanangu wanaongea nawaona midomo tu inacheza. Nikawa nawaza Ijumaa nisiende, na Jumatatu nisiende, iishe. Nilimwambia yule nesi kijana, sijui kwa nini yeye, nikamwambia mwanangu nimechoka kuja. Hakunihubiria. Aliuliza, umechoka kuja au umechoka kuishi? Nikashindwa kujibu, akaelewa, akamwita dokta nikapelekwa kwa mtaalamu wa afya ya akili jengo la pili. Huko ndo nikaambiwa hii ni sonona, ina matibabu, na kwamba karibu robo ya wagonjwa wa figo wa kiwango chetu wanaipata. Robo! Kwenye ukumbi wetu wa viti kumi na mbili hao ni watu watatu kila shifti, na sisi wote tunaambiana tujipe moyo. Nilipewa dawa, dokta alichagua ya kuendana na figo, na nikawa nakwenda kuongea kila baada ya wiki mbili. Kuna siku nilikaa lisaa zima namlaumu Mungu kwa sauti kubwa na yule mama mtaalamu anasikiliza tu hajanikatisha. Nilitoka nimepata njaa, kitu sijakihisi miezi. Kama una mtu kwenye mashine amenyamaza ghafla, hana hasira, hana malalamiko, halumbani tena na chakula, usiseme ameshazoea. Muulize.

La mwisho ni la figo yenyewe ya kupewa. Zamani ilikuwa lazima India, tangu 2017 wameanza kupandikiza Muhimbili, na 2018 hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma, kwa hiyo swali likahama, sio tena tutapata wapi pesa ya ndege, likawa nani atatoa. Maana inatoka kwa ndugu aliye hai, mzima, anayeendana na wewe kwa damu. Ukoo ukaitisha kikao Muheza. Bamdogo akafungua kwa dua, akaeleza, alafu akauliza, haya wanangu, nani atamsaidia dada yenu? Sijawahi kuona chumba kinakuwa vile. Ndugu zangu wa tumbo moja, niliowabeba mgongoni, kila mmoja anaangalia mkeka. Wifi yangu mmoja akasimama akatoka nje. Mi nilitamani ardhi ipasuke, nikasema yaishe jamani, sijaomba, tuleni. Mama, na miaka yake sabini na kitu, akasema zake zipo zote mbili zichukuliwe kesho asubuhi. Dokta alimkatalia kwa upole, presha na umri, na mama alikasirika mwezi mzima, anadhani nimemwambia dokta amkatae.

Usiku wa kikao kile niliwachukia. Naliandika hivyo hivyo. Nilihesabu ada nilizomlipia huyu, mtaji niliompa yule, nikawapangia bei ya figo kwenye kichwa changu. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba mtu anayeogopa kupasuliwa hajasema hanipendi, ana watoto, ana mke anayelia usiku, anasikia habari za mtaani kwamba ukitoa figo unakuwa nusu mtu. Mdogo wangu wa kiume alikuja baadaye kimya kimya bila kumwambia yeyote, akapimwa, akakutwa na presha ambayo hakuijua, hawezi kutoa. Alipiga simu akiwa analia anasema dada nisamehe. Nikamwambia nikusamehe nini, umeokoka wewe, sa hivi anatumia dawa kila siku na kreatinini yake iko sawa, na mimi nilipokata simu nilifurahi na kuumia kwa wakati mmoja, vyote viwili vikanijaa kifuani sikujua nianze na kipi. Na wifi yule aliyetoka nje alikuja Mbagala mwenyewe, akanipikia, jioni akaniambia nilitoka kwa sababu nilijua mume wangu angesema ndiyo. Tukakumbatiana jikoni.

Sasa kuna binamu yangu, mtoto wa mamkubwa, ameshapima grupu la damu Tanga na linaendana na langu, anakuja Dar mwezi ujao kwa vipimo vikubwa. Sijawaambia watoto. Mume wangu anataka tuanze kufanya hesabu za pesa, mi nimemwambia asubiri. Binamu mwenyewe nimeongea naye kwenye simu mara nyingi, nimemwambia kila ninachokijua kuhusu upasuaji na maisha ya figo moja, nimempa namba ya dokta aongee naye bila mimi kuwepo, na nimemwambia akibadilisha mawazo, hata tukiwa tumefika mlangoni pa chumba cha upasuaji, arudi zake nyumbani na mimi sitamuuliza kitu, wala ukoo hautajua alifika mpaka pale.